Cha Uvunguni

Wahenga walisema kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame. Methali hii niliijua tangu utoto, nikaitumia mara nyingi kuwaonya wengine. Walakini mwenyewe nilifika umri wa miaka 42 bila ya kuinama. Aliyeniinamisha hakuwa mwalimu wala mtu mwenye cheo. Alikuwa sungura.

Mwaka 2018, miezi michache baada ya mke wangu kufariki dunia, mimi na binti yangu wa miaka tisa tulihamia katika chumba cha kupanga huko Magomeni, Dar es Salaam. Nyumba ilikuwa ya desturi ya mjini: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Chumba chetu kilikuwa futi 10 kwa 10. Kitanda, futi 4 kwa 6, nilimwachia mtoto. Mimi nililala juu ya godoro nililolikunja kila asubuhi ili tupate pa kukanyaga.

Mtoto huyu alikuwa amepungukiwa na maneno. Aliitikia alipoitwa, akashukuru alipopewa, akanyamaza. Siku moja aliomba tununue sungura wawili, majike ya uzazi mmoja, waliokuwa wakiuzwa na jirani kwa ajili ya kitoweo. Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu msiba. Sikuweza kulikataa, ingawa uwezo wangu ulikuwa haba.

Kosa langu lilianza hapo. Nilidhani kuwa mnyama mdogo hutaka mahali padogo. Nilipigilia sanduku la mbao, nikalitia wavu wa kuku juu na chini ili kinyesi kidondoke, nikaliweka juu ya kabati karibu na bati, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa kutupu. Mchana mmoja wa Januari 2019 nilifunga dirisha kwa hofu ya wezi, nikaenda kazini. Niliporudi, mmoja alikuwa amekufa, amejinyoosha, masikio yake yangali moto. Mwenziwe alikuwa akitweta. Binti yangu hakulia. Aliuliza, "Baba, kwa nini tuliwaweka mahali ambapo sisi wenyewe tusingeweza kukaa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Msomaji wangu, sungura wa hadithi zetu na sungura wa kufugwa hushirikiana jina tu. Yule mjanja wa ngano ni mnyama wa mbugani, ambaye huzaliwa na manyoya na macho wazi, huishi juu ya ardhi, na tumaini lake ni mbio. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na pande za jirani. Huzaliwa uchi na kipofu ndani ya shimo, na shimo ndilo kimbilio lake. Hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulipunguza kwa masikio na kwa pumzi, na hewa ikipita nyuzi 30 maisha yake huwa hatarini. Nyayo zake hazina ngozi nene kama za mbwa, kwa hiyo wavu humtia vidonda. Kumweka juu, chini ya bati, kulikuwa ni kumnyima ardhi kwa mkono mmoja na kumchoma kwa mkono wa pili.

Shimo ningelipata wapi? Katika chumba kile hapakuwa na mahali pa chini ila uvungu wa kitanda. Nilikiinua kitanda juu ya matofali, nikauzungushia uvungu wavu pande tatu, nikaacha mlango upande wa nne. Sakafu ya saruji, ambayo hubaki na ubaridi hata mchana, niliitandika mkeka uliochakaa. Boksi la sabuni, lililotobolewa milango miwili, likawa maficho. Katika pembe aliyoichagua mwenyewe kwa haja zake niliweka karai lenye magazeti ya zamani na nyasi kavu juu yake, maana sungura hupenda kula huku akijisaidia. Baada ya siku chache alilizoea. Waya wa umeme niliuvika mpira wa maji uliochanwa ubavuni, kwa sababu meno ya sungura hayakomi kukua, na kila akionacho hukijaribu. Gharama ya yote haya ilikuwa ndogo kuliko ya lile sanduku la mauti.

Chakula chake kikuu kilikuwa ukoka, tulioukata mbali na barabara na kuuanika. Siku iliyofuata kifo cha mwenziwe hakutaka hata huo. Sungura aliyeacha kula kutwa nzima yuko karibu na kufa, kwani tumbo lake halitakiwi kusimama. Binti yangu alilala kifudifudi sakafuni, akimnyooshea tembele moja moja, mpaka usiku akapokea. Mwezi Machi tulimletea mwenzi, jike vilevile, baada ya kuhakikisha. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na kosa dogo la kutambua jinsia lingekijaza chumba.

Mama mwenye nyumba hakupendezwa. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba yangu si zizi. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Harufu ikifika ukumbini, mtatoka nyote." Alikuwa na haki. Mkojo wa sungura ni mkali; basi nikabadilisha karai kila alfajiri na kuondoa utando wake kwa siki. Kinyesi tulikitia katika makopo yake ya mrihani uani. Mwezi ulipokwisha alikuja, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, kisha akainama akatazama uvunguni. Hakusema kuwa amekubali. Aliuliza tu, "Mchana wa jua kali huwapoza vipi?"

Kesho yake alinipa chupa ya maji yaliyoganda katika jokofu lake. "Izungushie kitambaa," alisema, "na ufunguo wa chumba niachie, niwafungulie dirisha." Tangu siku ile chupa mbili zilisafiri kati ya jokofu lake na uvungu wetu.

Nafasi yetu haikuongezeka hata shubiri moja. Jioni, wakati ambao sungura hupenda kutembea, tuliwaachia sakafu yote, sisi tukaketi kitandani mithili ya wageni.

Usiku mmoja nilikuwa nimelala chini nikisugua saruji, binti yangu upande wa pili akishika taa. Nyuso zetu zilikutana uvunguni. Akasema polepole, "Mama naye aliona joto sana siku zile za mwisho. Ulipokuwa kazini nilikuwa nikimpepea. Nilichoka, nikalala. Nilipoamka alikuwa hasemi tena."

Neno hilo alikuwa amelibeba peke yake muda wote huo. Nilimwambia kuwa hakuwa na kosa. Kuwa ugonjwa ule haukuwa wa kushindwa kwa pepeo. Tulizungumza mpaka taa ikafifia, sungura wakituruka miguu.

Kwa miezi mingi nilikuwa nimeyatafuta maneno ya mtoto wangu nikiwa nimesimama, kama mkubwa amwulizavyo mdogo. Sikuyapata, kwa kuwa hayakuwa juu. Nami ningali nikiitumia methali ya wahenga. Lakini siku hizi siwaambii wengine wainame kabla ya kuinama mwenyewe.