Kichwa ni Land Rover ya guka, miguu ni ya Hilux

Wengi wenu mliona ile video fupi ya Land Rover ya zamani ikipanda kilima karibu na Ol Kalou bila kutoa moshi, mkaniuliza ni injini gani hiyo. Jibu fupi ni kwamba ile si Land Rover. Jibu refu limenikosanisha na anko wangu kwa miezi saba, ndiyo maana leo naandika badala ya kushika kamera.

Guka alinunua Series III ya pikap mwaka wa 1978. Ni ile inaitwa 109, kichwa cha watu watatu mbele na karai nyuma. Siku hizo zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa Kenya, kwa kiwanda cha Leyland pale Thika, ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Ilibeba mikebe ya maziwa, ikabeba waru, ikabeba maharusi wa kijiji kizima, na majeneza mawili ninayoyajua. La pili lilikuwa la guka mwenyewe. Baada ya hapo ilisimama chini ya mkaratusi miaka kumi na moja, kuku wakitaga kwa kiti cha dereva.

Watu hupenda kusema Land Rover haiozi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Bodi kubwa yake ni aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa shida kupatikana Uingereza, na hizi gari zilianza kutengenezwa 1948. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini chasisi ni chuma, tena iko wazi ndani kama bomba, matope yakiingia yanakaa humo na unyevu wake. Fundi alichukua nyundo ndogo akagonga chasisi ya guka chini ya mlango wa dereva. Haikulia. Ilipita ndani tu, kama kijiko kwa ugali.

Hapo ndipo anko akatoa mpango wake. Alikuwa amenunua Hilux ya 2007 iliyobingiria. Paa lilikuwa limekunjika kabisa, lakini chini ilikuwa nzima. Tulipima chasisi kwa kamba, kona hadi kona, kisha zile kona zingine mbili, na vipimo vikatoka sawa, kumaanisha haijapinda. "Tunatoa hiki kichwa kilichokufa, tunaweka cha mzee," akasema. Alikuwa ameona Wamarekani wakifanya hivyo YouTube.

Na ni kweli wanafanya, sana. Wanachukua kichwa cha Chevrolet 3100 ya mwanzo wa miaka ya hamsini, wanakiweka juu ya chasisi ya Chevrolet S-10. Lakini kuna sababu wanaipenda S-10, na anko hakuifikiria. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, 3100 ni inchi 116. S-10 ya karai ndefu ni inchi 117.9. Tofauti haifiki inchi mbili, kwa hivyo magurudumu yanakaa karibu pale pale yalipokuwa. Sisi je? Land Rover 109, jina lenyewe linakwambia, ni inchi 109, yaani kama milimita 2,769. Hilux yetu ni milimita 3,085. Hiyo ni zaidi ya sentimita thelathini. Ukiweka magurudumu ya mbele vizuri chini ya madigadi, ya nyuma yanaangukia mahali karai ya guka haina nafasi yao.

Fundi wa kwanza alisema hiyo si noma, anakata chasisi katikati, anatoa kipande, anachomelea tena. Mimi nilikataa na nikapigiwa kelele kwamba najifanya injinia. Wasee, chasisi ndiyo mgongo. Inaweza kukatwa, ndiyo, lakini na mtu anayejua kuweka viraka vya ndani na kupima kabla na baada. Huyu alikuwa na grainda na imani. Tulikubaliana asikate. Kumbe angetuumiza kwingine: alichomelea kichwa moja kwa moja kwa chasisi, chuma kwa chuma, bila raba.

Chasisi ya pikap hujipinda kidogo ukipita kwa mashimo, imeundwa hivyo. Zile raba kati yake na kichwa ziko hapo ili kichwa kisilazimishwe kujipinda nayo. Wiki tatu tu za barabara ya shamba na ule ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva ukapasuka kwa kona, chini ya kioo. Mlango wa kushoto ukaanza kufunguka wenyewe. Anko alikuwa amembeba binamu yangu wa miaka tisa siku hiyo, kiti cha kushoto. Alimshika kwa sweta. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyeongea mpaka nyumbani.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole anayeongea kama analipia maneno, alivunja kila kitu. Akatengeneza vishikio vipya, akatumia raba za ile Hilux, akafunga kwa bolti. Mahali aluminiamu inagusa chuma aliweka kipande cha raba nyembamba, kwa sababu hivyo viwili vikikutana na maji aluminiamu huliwa inabaki unga mweupe. Pedali na breki ndizo zilimla muda. Radieta ya Hilux ni pana kuliko uso wa Land Rover, kwa hivyo ilibidi isogezwe. Magurudumu bado yanachomoza nje kidogo, ukiangalia kutoka mbele utaona. Na nyuma hakurudisha karai. Aliweka jukwaa la mbao lililo wazi, ndiyo zile sentimita thelathini zikapata pa kukaa.

Mwanzoni nilikuwa naona tunaua gari ya guka. Sasa sioni hivyo. Gari iliyosimama chini ya mkaratusi ilikuwa inakufa bila msaada wetu, na wale ndugu waliosema "iacheni orijino" hakuna hata mmoja aliyewahi kununulia hiyo orijino tairi.

Lakini kuna kitu siwezi kunyamazia. Kazi ilipoisha, anko alifungua namba za Hilux akafunga za guka. Zile za zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho kama za siku hizi. Inapendeza walai. Kijiji kizima kinaijua hiyo namba. Nikamwambia anko haiwezekani. Kwa logibuku gari inajulikana kwa namba iliyogongwa kwenye chasisi, na hii chasisi ni ya Hilux. Tunachofaa kupeleka NTSA ni Hilux iliyobadilishwa bodi, ikaguliwe, iandikwe hivyo. Kuvalisha gari moja namba za nyingine ni kosa hata kama zote mbili ni zako, na ndivyo wezi wa magari hufanya. Bima nayo ikiamua kukataa kulipa siku mtoto anaanguka kwa huo mlango, tutasema nini?

Anko alinijibu, "Wewe umeitwa jina la mzee na unataka kumfuta." Hiyo iliniuma. Hatukuongea tena mpaka mwezi uliopita, alipozitoa hizo namba mwenyewe, bila kuniambia, akazipeleka kwa shosho.

Jumapili tulimpeleka shosho kanisani nayo. Alizunguka gari mara moja, akagusa boneti, akauliza mbona haina karai. Kisha akapanda. Ule mlango wa kushoto lazima uuinue kidogo ndiyo ufunge, umekuwa hivyo tangu nizaliwe, na shosho aliuinua bila kuambiwa.

Namba ziko jikoni kwake, juu ya kabati ya vyombo. Logibuku ya zamani iko kwa droo pamoja na kitambulisho cha guka. Bado sijamwambia kwamba hiyo lazima tuirudishe.