Memori kadi ya Nyahanga

Najua nimepotea, na sababu wengi mnaijua: matokeo yametoka na mtu mzima nimedakwa na sapu ya takwimu. Wenzangu wameenda likizo, hosteli imebaki kimya mpaka unasikia bomba linavyodondoka ghorofa ya chini. Nimebaki mimi, kimbweta changu na desa lililochakaa. Sasa jana usiku, badala ya kupiga msuli, nikajikuta nacheza GTA San Andreas kwenye simu mpaka saa nane. Kabla hamjaanza kunisema nisikilizeni kwanza, maana kuna kitu nimekigundua.

Sisi wa Nyahanga, pale Kahama, gemu hili tulilikuta kwenye banda la bati lenye TV moja ya chogo, PS2 moja na pedi mbili, moja yake mpaka uibonyeze kwa hasira. Lilitoka Oktoba 2004. Mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba, tulianza kulicheza 2013, mwaka ambao mwanzoni mwake Sony walitangaza kuacha kutengeneza PS2. Habari hiyo banda letu halikuipata, teh teh. Shilingi 200 dakika 15, na mwenye banda alikuwa na saa ya ukutani na hakuwa na huruma hata chembe.

Wengi walikuja kucheza mpira. Sisi wawili tulitaka "lile la kutembea". Ndivyo tulivyoliita, na mpaka leo sijapata jina zuri zaidi. Kwenye gemu la mpira unaambiwa goli liko kule. Hili linakubwaga mtaani halafu linakaa kimya. Unataka kuogelea? Ogelea, wakati kwenye Vice City, lililotangulia, ukigusa maji ya kina umekufa. Unaweza kwenda gym ukajaza kifua, kula mpaka unenepe na mbio zikushinde, au kupanda baiskeli ukaangalie tu barabara inaishia wapi. Watoto wawili ambao safari yao ndefu ilikuwa kwenda kushangaa malori ya Rwanda na Burundi yakipita barabara kuu, tulikuwa tunaamua wenyewe twende wapi. Jamani, raha ile!

Ila kulikuwa na tatizo moja: banda halikuwa na memori kadi. Kila ukilipa unaanza upya. CJ anarudi Los Santos kwenye msiba wa mama yake, polisi wanambwaga mtaani, anaokota baiskeli, anakanyaga mpaka Grove Street. Muda umeisha, toka, mwingine aingie. Kesho yake msiba ule ule, baiskeli ile ile.

Na lile gemu lina ujanja wake. Ramani ina miji mitatu, lakini mwanzo umefungiwa Los Santos. Ukilazimisha kuvuka kwenda upande wa San Fierro unapewa nyota nne, na polisi wanakushukia kama nyuki. Kwa hiyo kwetu ule mji wa kwanza ndio ulikuwa dunia nzima, na ng'ambo ya maji ilikuwa stori. Siku hizi naelewa kwamba waliotengeneza walifanya makusudi. Uhuru unanoga ukiwa na ukuta mahali fulani, na nyuma ya ukuta kitu unachokitamani. Hata ule ukungu uliokuwa unaficha mbali ulisaidia. Mashine ilikuwa haina nguvu ya kuchora kila kitu kwa wakati mmoja, lakini macho yetu yalisoma kwamba nchi haina mwisho. Walipolitoa upya Novemba 2021 wakaondoa ukungu, na watu wakalalamika kwamba dunia imekuwa ndogo ghafla, mlima unauona kutoka mjini. Ramani ilikuwa ile ile.

Wa kwanza kuchoka alikuwa binamu. Siku moja tumetoka bandani akaniambia, "Dogo, sisi tunazunguka tu. Hatuendi." Akaanza kusukuma toroli la maji ya watu, wiki mbili nzima, mpaka akanunua memori kadi ya MB 8 kwa fundi mmoja wa redio. Tukawa tunaitunza kwenye soksi. Sitasahau siku ya kwanza tulipoichomeka tukamkuta CJ nyumbani kwake, na hela zake, na kifua chake, vile vile tulivyomwacha jana. Tulipiga kelele mpaka mwenye banda akatutishia. Kuanzia hapo tulithubutu. Misheni ngumu tukaishindwa mara tano, mara sita, na wala hatukujali, maana tunarudi pale tulipoishia. Siku daraja lilipofunguka tukavuka bila nyota hata moja, tukaendesha polepole kama watalii.

Basi ndicho kitu nilichokigundua jana saa nane usiku. Utamu wa haya magemu hauko kwenye ukubwa wa ramani. Uko kwenye kukosea kwa bei rahisi. Ukifa unaamkia hospitali, unakatwa hela kidogo, unaendelea. Mtu akiwa na uhakika wa kurudi, anajaribu njia ambayo asingeijaribu.

Baada ya kidato cha nne tukaachana njia. Mimi nikaenda A-level, binamu akaenda machimbo, upande wa Kakola. Wasiojua: wachimbaji wadogo wanashuka kwenye shimo linaloitwa duara, kuta zimeshikiliwa na matimba, na malipo mara nyingi ni mgawo wa mifuko ya mawe. Mawe yakipatikana yanaenda karasha, kisha mwaloni, ndipo unajua kama una hela au una vumbi. Kuna duara moja alilichimba miezi minne, wakakaribia kabisa, maji yakajaa. Hakupata hata mfuko mmoja. Akahamia duara lingine, akaanza mita ya kwanza.

Mwaka jana alinitembelea hapa chuo, akamkuta rumumeti anacheza Minecraft. Akaambiwa kanuni ya kwanza ya lile gemu: usichimbe kwenda chini moja kwa moja, utadondokea kwenye uji wa moto. Alicheka mpaka machozi. "Sisi ndiyo kazi yetu hiyo!" Akacheka zaidi aliposikia sururu ya dhahabu mle inachimba haraka lakini inakatika baada ya kupiga mara 32, wakati ya mbao inafika 59. "Huyo aliyetengeneza," akasema, "dhahabu anaijua."

Rumumeti akatusimulia kwamba hilo hilo Minecraft lilitumika Kibera, Nairobi. UN-Habitat na kampuni ya Mojang walianza mradi wa Block by Block mwaka 2012, na uwanja wa Silanga ulikuwa kati ya kazi za mwanzo. Uwanja unajengwa kwanza ndani ya gemu, wakazi wanausogeza, wanabishana, wanabomoa, kabla ya saruji ya kweli kumwagwa. Binamu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtu anaweza kufanya hivyo na duara. Hakuna aliyemjibu.

Juzi nilimpigia kumwambia habari ya sapu. Niliona aibu, maana ukoo mzima unajua niko "chuo kikuu", na bumu likiisha huwa ni yeye ananitumia chochote. Nilimwambia nimefeli, labda mwakani watanidisko. Akauliza, "Mtihani unarudiwa?" Nikasema ndiyo. "Mengine uliyofaulu wanayafuta?" Nikasema hapana, yanabaki. Akakaa kimya, nyuma yake karasha linanguruma.

"Sasa dogo, si una memori kadi wewe? Unalia nini?"

Halafu akakata, zamu yake ya kushuka ilikuwa imefika. Baada ya dakika mbili ikaingia meseji, ametuma 30,000 ya kula.

Sapu ni Jumanne saa tatu asubuhi. Gemu nimelifuta kwenye simu, nitalirudisha Jumanne jioni. Niombeeni, na huyu ndugu yangu pia mumuombee, yuko chini huko. Na wewe je, ulichezea banda la wapi? Niandikie, nitasoma baada ya mtihani.