Mti wa nondo 153 ulivyonitoa jasho

MSOMAJI wangu, mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mnazi si mti wa kutazama, ni mti wa kupanda. Nikiwa darasa la tano nilishaangusha madafu ya jirani mara kadhaa, na bakora nilizokula kwa ajili hiyo nazikumbuka mpaka leo. Kwa hiyo mwaka 2019 nilipokwenda kumtembelea kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa anasoma Perth huko Australia, akaniambia, "Dogo, kesho nakupeleka ukapande mti," nilicheka. Mti? Mimi?

Basi bwana, tukaondoka alfajiri na kigari chake. Kutoka Perth kwenda kusini mpaka Pemberton ni kama kilomita 335. Ni kamji kadogo kalikokua kwa kupasua mbao, katikati ya msitu wa miti inayoitwa karri. Hii karri ni ndugu wa mikaratusi yetu unayoiona Lushoto na Njombe, maana asili ya mikaratusi ni hukohuko Australia. Lakini weka ndugu hao pamoja, wa kwetu ataonekana mtoto wa chekechea!

Kilomita chache nje ya mji tukasimama. Kaka akaninyooshea kidole. Mbele yangu shina limenyooka kama mlingoti wa jahazi, tawi hulioni mpaka ukunje shingo. Kuanzia chini zimechomekwa nondo 153, zinauzunguka mti kama ngazi za mnara wa msikiti. Juu kabisa, mita 58 kutoka ardhini, kuna kibanda. Huo ndio Gloucester Tree, na hukuwekwa kwa ajili ya watalii kupiga picha. Ulikuwa mnara wa kulinda moto.

Hebu fikiria. Msitu mzima miti imekwenda hewani, na hakuna kilima cha maana cha kusimama ukaona mbali. Ukijenga mnara wa kawaida, miti inakuziba. Mwaka 1937 kijana mmoja wa idara ya misitu, Don Stewart, akatoa wazo: kwa nini tusitumie mti wenyewe? Wazo likakubaliwa, na kati ya mwaka huo na 1952 miti minane ya karri ikageuzwa minara.

Kabla ya huu kuteuliwa, bwana misitu Jack Watson aliupanda kwa viatu vya miba na mkanda kiunoni, kuona kama unafaa. Kupanda na kushuka kulimchukua saa sita! Halafu akaja George Reynolds, ndiye aliyeupigilia ngazi na kukata matawi. Mwaka 1946, kazi ikiendelea, akapita Duke wa Gloucester, mdogo wake mfalme wa Uingereza, ambaye wakati huo alikuwa Gavana Mkuu wa Australia. Mti ukapewa jina lake, na mwaka 1947 ukawa tayari. Duke alitazama, jasho likamtoka Reynolds, jina likaenda kwa Duke. Mambo ya dunia hayo.

Kazi ya mlinzi ilikuwa hivi. Kiangazi kikishika, anapanda, anakaa kibandani peke yake, macho msituni. Akiona moshi anapima uelekeo wake kwa dira, anapiga simu. Mlinzi wa mnara mwingine naye anapima moshi huohuo kutoka upande wake. Huko ofisini wanachora mistari miwili kwenye ramani, na pale inapokatana ndipo moto ulipo. Kikosi kinaondoka.

Usidharau. Jani la mkaratusi lina mafuta, likishika moto ni kimbembe. Januari 1961, mioto iliyoanzishwa na radi iliuteketeza mji wa Dwellingup, mwendo mrefu kaskazini ya Pemberton. Watu walinusurika, lakini nyumba nyingi ziligeuka majivu. Kwa hiyo yule bwana wa juu akisinzia, chini kuna watoto wa watu.

Zamu yangu ikafika. Hakuna kamba, hakuna mkanda. Nondo kumi za kwanza nilipanda kwa mbwembwe, nikimpungia kaka mkono. Ya ishirini nikaacha kupunga. Kwenye mnazi, msomaji wangu, unaukumbatia mti. Hapa unakanyaga nondo, na kati ya nondo na nondo ni hewa tupu, unaona ardhi inakusubiri. Nilipofika kama ya thelathini magoti yakaanza kucheza sindimba. Juu yangu kuna mtoto wa Kizungu, hata miaka kumi na miwili sidhani, anapanda huku anapiga mluzi.

Nikashuka, tena kinyumenyume, taratibu kama kinyonga. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. "Mkwezi wa Tanga!" akasema. Sikumjibu.

Nilikuwa nawaza wale walinzi. Mimi nilipanda kwa starehe, nikashindwa. Wao ulikuwa mkate wao, na hakuna aliyewapigia makofi. Miaka ya 1970 ndege zikachukua kazi yao ya kutafuta moshi, na mwaka 1973 kibanda cha mbao kikabomolewa kwa usalama, kikawekwa cha chuma na alumini.

Siku hizi nikiwa nyumbani nikasikia harufu ya moshi, sifungi dirisha kama zamani. Natoka nje kwanza, naangalia unatokea wapi. Kwa jirani kuna nini?

Na ule mnazi wake bado upo. Ule tunaelewana.