Kikombe kimoja cha uji

Kwa miaka mingi kikundi chetu kilichanga pesa za misioni. Kila mwisho wa mwezi tulipitisha bahasha, tukaombea watu wa mbali ambao hawajasikia Habari Njema. Kesho yake mama Mbatwa alipita mlangoni na chungu kichwani, tukabishana naye bei, akaenda zake. Hatukumuuliza hata siku moja anasali wapi.

Wabatwa wa huku kwetu Kabare na Kalehe walikuwa watu wa msitu. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata wakafukuzwa humo bila kupewa udongo mwingine. Tangu hapo wengi wanalima mashamba ya watu, yetu pia, na mara nyingine tunawalipa mihogo tu. Kuna sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki zao. Lakini majina tunayowaita barabarani ni yale yale.

Mwaka jana tulipanda kwenye kambi yao moja, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tulibeba sabuni, chumvi na nguo za watoto. Tuliimba, mmoja wetu akahubiri vizuri. Kisha mama mzee akatuletea uji wa mtama, kikombe kimoja cha kupitishana. Tukatazamana. Mmoja akasema amefunga. Mwingine tumbo linamuuma. Kila mtu alipata sababu yake. Yule mzee akakirudisha kikombe bila hasira, akasema: «Hata wale waliowatangulia walikuwa wamefunga.»

Tulishuka kimya. Tangu utoto tumeambiwa usinywe pamoja na Mbatwa, wala hakuna aliyetueleza sababu. Sisi tunaofundisha tunaliona hata darasani: mtoto wa Kibatwa anakaa peke yake kwenye benchi ya watoto wanne, nasi tumenyamaza, tukisema watazoeana.

Baada ya majuma mawili tulirudi mikono mitupu, tukaomba uji. Mama mzee alicheka sana, akatungojesha kwanza. Tukanywa. Ulikuwa mchachu kidogo, na hakuna aliyeumwa!

Leo kuna ibada kule kila Jumapili, chini ya mti, ikiongozwa na kijana wao anayejua kusoma. Wazee fulani wa kanisa wanataka kumweka mwongozi wa kutoka huku chini. Sisi tumekataa. Kijana anatosha, alichoomba ni Biblia, na mtu wa kufundisha wamama kusoma. Hiyo tunaiweza, siku ya Jumatano.

Siku ya Pasaka walishuka kumi na wawili kusali nasi. Benchi yao ilibaki na nafasi, na huku watu wetu wamesimama ukutani. Tuliokwenda kukaa nao tulikuwa wanne, na kikundi chetu kina wamama kumi na tisa.

Jumapili ijayo wanashuka tena. Tutapika bugali na sombe kwa mama mweka hazina, na vikombe ni vile vya kila siku.