Toka Ukiweza: Safari ya Ensenada



Kina mama wasomaji wetu wametuuliza zaidi ya mara moja: mtu wa pwani hii akifika Meksiko atakula nini, na ataswali wapi? Swali hili lina haki ya kujibiwa, kwani vijana wetu wengi sasa wako Marekani, na Meksiko ni jirani wa ukuta mmoja. Mwezi wa Novemba 2024 tulijaaliwa kuwazuru jamaa zetu walioko San Diego, mji wa California ulio karibu kabisa na mpaka wa kusini, ambako kuna jamii kubwa ya Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki. Wenyeji wetu wakashauri tushuke kwa gari hadi Ensenada, mji wa bahari ulio mwendo wa kama kilomita mia moja kutoka Tijuana. Tulikuwa saba katika gari moja, wanaume wanne na wake watatu, pamoja na chupa mbili za chai ya tangawizi na kapu la mahamri yaliyokandwa usiku wa kuamkia safari.

Kuingia Meksiko kwa njia ya San Ysidro hakukutuchukua muda. Mkenya mwenye viza halali ya Marekani hadaiwi viza nyingine ya Meksiko. Afisa alizitazama pasi zetu, akagonga mihuri, akatutakia safari njema. Barabara ya Tijuana hufuata ukuta wa mpaka kwa kitambo, ukiwa mkono wa kulia, kisha huteremka hadi Playas, mahali ambapo vyuma vya ukuta huo vimesimamishwa mpaka ndani ya maji ya bahari. Tuliona watu wamekaa mchangani kwa utulivu, watoto wakicheza mpira, na mawimbi yakipita kati ya chuma na chuma. Hatukusimama. Tulijiambia tutapatazama wakati wa kurudi.

Kutoka hapo njia ni ya kulipia, na vituo vya ushuru ni vitatu hadi Ensenada. Bahari iko kulia mwendo wote, ni Pasifiki, yenye rangi ya chuma na baridi ambayo mtu wa Nyali hataitia mguu mara mbili. Rosarito tuliupita upesi, mji wa mahoteli na kelele, ambao sifa yake kubwa ni kuwa filamu ya Titanic ilipigwa katika studio zilizojengwa jirani yake.

Puerto Nuevo, hata hivyo, tulisimama, kwa sababu harufu ilitusimamisha. Ni kijiji kidogo kilichojaa mikahawa ya kamba mawe. Sifa yake ilianza na wake wa wavuvi, waliokuwa wakiwapikia wageni katika nyumba zao wenyewe. Hapa ndipo fikihi ilipopanda mezani. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafii twala viumbe vya baharini bila ya wasiwasi. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa wa jadi ya Kipanjabi, ni wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, na kwao cha baharini kiliwacho ni samaki. Yeye aliagiza samaki, wala hapana aliyemcheka. Lakini shida haikuwa kwa kamba. Mapishi ya asili ya kijiji hicho ni kumkaanga kamba katika manteca, nayo ni mafuta ya nguruwe. Maharage yanayoandamana naye huenda yakapondwa kwa mafuta yayo hayo, na chapati zao za ngano, tortilla, nazo mara nyingi hukandwa kwayo. Basi mtu aweza kuikimbia nyama mji mzima, akadhani amesalimika, na haramu ikamfuata ndani ya maharage.

Mke wa mwenyeji wetu, aliyejifunza Kihispania kazini, ndiye aliyetuokoa. Aliingia jikoni kwa mama mpishi, wakazungumza kwa mikono na kwa vicheko, na kamba wetu wakachomwa juu ya makaa kwa siagi na kitunguu saumu, pamoja na tortilla za mahindi zilizopashwa juu ya chuma kitupu. Kina mama, neno la kuhifadhi ni hili: sin manteca, yaani bila ya mafuta ya nguruwe. Mwapaswa kuliuliza hata penye samaki, kwani wako wauzao samaki wa kukaanga barabarani ambao karai lao ni la manteca. Aceite ni mafuta ya mimea, na neno hilo lenyewe ni la Kiarabu, az-zayt.

Si neno hilo peke yake. Waislamu walikaa Andalusi tangu 711, na ufalme wa mwisho, Granada, ukaanguka 1492. Wahispania walipovuka bahari kuiteka Meksiko mwanzoni mwa karne iliyofuata, walibeba lugha iliyokwisha kulowa Kiarabu. Sukari yetu kwao ni azúcar. Hatta yetu kwao ni hasta. Meya wa mji huweza kuitwa alcalde, nalo ni al-kadhi. Ukwaju kwao ni tamarindo, tamri ya Hindi, na maji yake baridi huuzwa kwa bilauri kubwa njiani. Tulipowaona watoto wakila embe lililopakwa pilipili, chumvi na ndimu, wake zetu walitazamana kana kwamba wameshuka mbele ya lango la skuli ya Mombasa. Embe na ukwaju vilifika kule kutoka pande zetu za dunia; pilipili, na mahindi ya ugali wetu, asili yake ni kule. Ndimu hatukuhoji.

Kabla ya Ensenada, barabara hupita juu ya magenge mahali paitwapo Salsipuedes, maana yake, toka ukiweza. Jina lafaa. Tarehe 28 Desemba 2013 ardhi iliporomoka hapo na kipande cha barabara kikateremka kuelekea baharini, na njia ikafungwa kwa karibu mwaka mzima. Sasa imetengenezwa. Karibu na hapo pana mahali pa kuegesha gari na kutazama bahari, nasi tuliswali hapo Adhuhuri na Alasiri kwa kukusuru na kukusanya. Kibla cha Mombasa ni kaskazini. Cha huko nacho ni kaskazini, kikipinda kidogo mashariki. Lakini Mombasa mwenye kuswali ufukweni huwa na bahari mkono wa kulia. Pale tulikuwa nayo kushoto, na ugeni wetu tuliuhisi hasa tulipotoa salamu.

Ensenada yenyewe ni bandari iliyotulia ndani ya ghuba, na soko lake la samaki linapendeza kulitembea: pweza, chaza, kamba na samaki wa kila rangi. Muuza ndimu mmoja aliwaona wake zetu katika mabuibui yao, akauliza kwa heshima ni masista wa kanisa gani. Alipoelezwa, aliongeza ndimu tatu juu ya mizani.

Tulilala usiku mmoja. Siku ya pili, tukirudi, tuliingia Tijuana kutafuta swala ya jamaa, na tukaelekezwa Albergue Assabil, makazi ya wasafiri Waislamu yaliyofunguliwa 2022. Jina ni lile lile la ibn as-sabil, msafiri aliyekatikiwa na njia, mmoja wa wale wanane wenye haki katika zaka. Pana mahali pa kuswalia na jiko la halali, na wanawake wana upande wao.

Wake zetu walikaribishwa chai huko ndani. Aliyewamiminia alikuwa bibi wa Kisomali, mzaliwa wa Kismayu, aliyelelewa Mombasa hata akaolewa. Kiswahili chake kilikuwa cha Majengo. Alipanda ndege hadi Brazili, akaja kwa mabasi na kwa miguu, akipita msitu wa Darién ulio kati ya Kolombia na Panama, pamoja na binti yake wa miaka minane. Alikuwa na miezi mitano Tijuana, na kila asubuhi alifungua simu kuomba miadi ya kuvuka kwa programu ya CBP One. Tulimwachia mahamri yote yaliyosalia. Binti alikula moja, akauliza kama limetiwa iliki.

Foleni yetu ya magari ya kurudi Marekani ilichukua saa tatu, na tulinung'unika.

Tarehe 20 Januari 2025 huduma ile ya miadi ilifungwa, na waliokuwa wameshapewa tarehe walifutiwa. Mwezi wa Ramadhani mwenzetu mwenye gari alivuka tena, amebeba tende na mahamri ya mkewe. Aliambiwa yule bibi na mwanawe wameondoka, na hapana aliyejua wameelekea njia gani. Vile alivyobeba aliviacha jikoni, vikafuturiwa na wengine.