Hesabu ya Siku za Kanada

Sheria ya uraia ya Kanada iliyoanza kutumika Februari 1977 ilimtaka mwombaji awe ameishi nchini miaka 3 kati ya 4 iliyotangulia ombi lake. Ilichoacha kusema ni kuishi huko kuna maana gani. Aliyepata ukaazi wa kudumu, akapanga nyumba Toronto, kisha akapanda ndege kwenda kufanya kazi Dubai na kurudi kila likizo, alikuwa akiishi wapi? Pengo hilo waliachiwa majaji. Nikitazama nyuma namna walivyolijaza kwa karibu miongo minne, na namna Bunge lilivyokuja kuwanyang'anya kazi hiyo, naona jambo ambalo watetezi wa wahamiaji, ambao kwa mengi niko upande wao, hawapendi kulisikia: hesabu kavu ya siku imewatendea haki wanyonge kuliko huruma ya majaji.

Huruma hiyo ilianza mapema. Mwaka 1978 Jaji Thurlow wa Mahakama ya Shirikisho alisikiliza shauri la mwanafunzi aliyetoka Nova Scotia kwenda kusoma Massachusetts. Vitu vyake alikuwa ameviacha katika nyumba aliyokuwa akikaa na marafiki, na masomo yakifungwa alirudi huko. Jaji akaona kwamba aliyekwisha kuweka makao yake nchini hayapotezi kwa kutoka kwa muda. Mwaka 1992 Jaji Reed akaweka maswali sita ya kupima: je, mwombaji alikaa Kanada muda mrefu kabla ya kuanza kusafiri? Mke na watoto wako wapi? Akija, anaonekana anarudi nyumbani au anatembelea? Na mengine ya namna hiyo. Mwaka 1993 Jaji Muldoon akakataa katakata. Kwake yeye, mtu huwa Mkanada kwa kuchanganyika na watu kila siku, na akataja mpaka madukani, maktaba, gereji, baa, lifti, makanisa na misikiti. Asiyekuwepo hawezi kuyapata hayo kwa barua. Mwaka 1999 Jaji Lutfy akaamua kwamba jaji wa uraia yuko huru kuchagua kipimo chochote kati ya hivyo, mradi akitumie sawasawa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wawili wenye safari zinazofanana waliweza kupata majibu tofauti, mmoja akaapa na mwingine akaambiwa asubiri, kwa sababu tu ya meza ambayo faili lilitua.

Tena maswali yale sita, pamoja na busara yake yote, yalimfaa nani? Yalimfaa mfanyabiashara mwenye hati ya nyumba Vancouver, watoto katika shule ya huko, akaunti benki, na wakili wa kuyapanga hayo yote kwenye faili moja nene. Mkimbizi kutoka Kongo anayefanya usafi maofisini usiku, aliyekwenda Bujumbura kumwuguza mama yake, ana nini cha kuonyesha zaidi ya risiti za kodi ya chumba? Halafu karatasi zikiweza kusimama badala ya mtu, zitatengenezwa. Mwaka 2012 Waziri Jason Kenney alitangaza kwamba watu wapatao 3,100 wangeweza kuvuliwa uraia, serikali ikidai kuwa washauri wa uhamiaji waliwatengenezea wateja ushahidi wa kuishi nchini.

Hasira hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya 2014, na hapo hesabu iligeuzwa rungu. Kuanzia Juni 2015 mwombaji alitakiwa awe amekuwepo nchini kimwili siku 1,460 ndani ya miaka 6, na zisipungue 183 katika kila mmoja wa miaka 4 kati ya hiyo. Siku za kabla ya ukaazi wa kudumu, ambazo zamani zilihesabiwa nusunusu, zikafutwa. Sitetei hesabu ya namna hiyo. Ninayoitetea ni ile ya Oktoba 2017: siku 1,095 ndani ya miaka 5, na nusunusu za awali zikarudishwa hadi kikomo cha siku 365. Maana yake mtu anaweza kuwa nje takriban miaka 2 mizima, na akapata uraia. Siku ya kuondoka na ya kurudi zote ni za Kanada. Aliyepaa kwenda Mombasa tarehe 10 Desemba akarejea 10 Januari ametumia siku 30 tu.

Watasema hesabu haina macho, haitofautishi aliyekwenda kuzika na aliyekwenda kustarehe. Kweli. Lakini aliyepungukiwa siku hakunyimwa uraia, amecheleweshwa, na tarehe yake anaijua kabla hajalipa ada. Kwa Mtanzania hilo si dogo, maana nchi yake hairuhusu uraia wa nchi mbili, na kiapo cha Kanada kinamgharimu pasipoti ya kwao. Isitoshe, waziri anayo mamlaka ya kutoa uraia pale penye dhiki isiyo ya kawaida. Na wanaohofia kwamba mtu atajifungia chumbani siku 1,095 bila kumjua jirani yake wakumbuke kwamba kuna kodi ya mapato ya miaka 3 ya kuwasilisha ikiwa mapato yanadai hivyo, na kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 54 kuna lugha na mtihani.

Upendeleo mmoja, hata hivyo, umebaki ndani ya hesabu yenyewe. Mkaazi wa kudumu aliyeolewa na raia aliye mwanajeshi au mtumishi wa serikali kituoni nje huhesabiwa kila siku anayokaa huko na mumewe kana kwamba yuko Ottawa. Mwenzake, ambaye mume wake ni raia vilevile lakini ni daktari wa shirika la misaada huko Goma, hapati hata siku moja. Kama sababu ya kuwa nje haiulizwi kwa mwuguza mama, sioni kwa nini iulizwe kwa mwajiri wa mume.