Fundi Asiyetaka Kutangazwa

Katika msimu huu wa udahili nimesoma maandiko mengi ya utafiti ya waombaji wa shahada ya uzamili, na mengi nimeyasahau siku ileile. Moja limekataa kusahaulika. Mwandishi wake ni binti wa Kibondo mwenye shahada ya kwanza ya mawasiliano ya umma. Anataka kusomea namna mavazi yanavyotangazwa, yanavyopewa majina na yanavyosimuliwa katika nyanda za juu za Kigoma: minadani, kwenye vibanda vya mafundi cherehani, redioni na katika simu za mkononi. Kikao cha kujadili maombi kilipofika kwenye andiko lake, mwalimu mwenzetu mmoja aliuliza, kwa kicheko ambacho hakikuwa na ubaya mwingi, iwapo siku hizi tunatoa uzamili wa magauni. Wengine wakacheka. Andiko likawekwa kando, eti likaboreshwe. Chuo sikitaji, kwa sababu kicheko kile ningeweza kukisikia karibu katika kikao chochote cha wasomi nchini.

Kwingineko duniani swali hilo lilikwisha jibiwa zamani. London College of Fashion ina mizizi katika shule za ufundi za wasichana zilizoanza mwaka 1906. Istituto Marangoni ilianzishwa Milan mwaka 1935. Vyuo vya namna hiyo leo vina shahada za uzamili za utangazaji wa mitindo, mawasiliano na vyombo vya habari, na vinatoza ada ambayo mkulima wa kahawa wa Kasulu hataipata hata akiuza shamba na mibuni yake. Mwanafunzi hujifunza kuandika juu ya nguo, kuongoza upigaji wa picha, kutengeneza jarida na video, kupanga uzinduzi wa bidhaa mpya na kuongea na waandishi wa habari. Hakuna siri kubwa ndani yake. Kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi na ubunifu wa nguo katika upande mmoja, na uandishi wa habari katika upande mwingine. Anayeijua pamba haijui habari, na anayeijua habari haijui pamba. Ufa huo ndio binti wa Kibondo alitaka kuuziba.

Wanaocheka wamesahau kwamba dola la Tanzania halijapata kuichukulia nguo kuwa mzaha. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vikapigwa vita katika mitaa ya Dar es Salaam. Vijana waliwasimamisha wanawake barabarani wakiyapima mapaja yao kwa macho. Magazetini wasomaji waliandikiana barua kali, kwa na dhidi. Kabla ya hapo Wamasai walikuwa wamekwisha kuamriwa waache lubega na wavae suruali. Ukiyaweka matukio hayo pamoja na kaunda suti za viongozi, utaona taifa likijadili kwa vitambaa ni nani Mtanzania na ni nani bado. Hilo kama si mawasiliano ya umma, sijui tutaliita nini.

Na huko Buha, nilikozaliwa, nguo ilianza kusema kabla ya gazeti kufika. Wakati wa ukoloni Kigoma ilikuwa ghala la nguvukazi: vijana waliandikishwa wakapelekwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Aliyerudi hakuhitaji kusimulia safari yake. Koti, blanketi na kofia vilisimulia, na vijana waliobaki nyumbani walisoma habari hiyo wakaandikisha majina yao. Wanahistoria wa manamba hutaja kodi ya kichwa kuwa ndiyo iliyowasukuma, na ni kweli. Lakini nimewasikia wazee wengi wa Kasulu wakilizungumzia koti kabla ya kodi.

Tazama pia minada yetu. Muuza mitumba amesimama juu ya meza, robota limefunguliwa, anaimba bei kwa sauti iliyokwisha kukauka. Yule ni mtangazaji wa mitindo aliyehitimu kwa jua na mvua. Anajua nguo ipi ainyanyue kwanza, ipi aifiche hadi saa tisa, na mzaha gani umfanye mama mwenye elfu mbili asimame. Nguvu ya wito wa namna hiyo imevuka mipaka: neno "chagua" la wauza mitumba wanaozungumza Kiswahili ndilo lililoipa mitumba jina lake huko Rwanda, *caguwa*. Kwetu wazee waliziita nguo hizo "kafa Ulaya", jina ambalo nalo ni uhakiki kamili wa bidhaa kwa maneno mawili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilitishia fursa za soko la AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa fursa hizo kwa upande wa mavazi, nasi Tanzania tukalegeza kamba. Katika mjadala wote ule tulizungumza ushuru na viwanda. Hatukumuuliza mtu kwa nini mnunuzi wa Kasulu anaiona shati ya kafa Ulaya kuwa bora kuliko ya kiwandani petu. Hilo ni swali la utangazaji, na hatukuwa na mtu aliyelisomea.

Pwani wangeshangaa kusikia kwamba mambo haya ni mageni. Kanga ni nguo na chombo cha habari kwa pamoja. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alijua kwamba mwanamke hununua jina kama anavyonunua rangi, na ndiyo maana alama yake, Mali ya Abdulla, inafahamika hadi leo. Katika Afrika Magharibi kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, ilipeleka vitenge vyenye namba tu. Wanawake wa sokoni ndio waliovipa majina yaliyouza: moja maana yake mume wangu anaweza, jingine kwamba ukitoka nami natoka. Baadhi ya wanawake wa Lomé walitajirika kwa kazi hiyo wakaitwa Nana Benz kwa ajili ya magari yao. Walio wengi walitoa jina bure, na namba ikaendelea kuwa mali ya kiwanda.

Nimeyasema haya ili nifike kwenye jambo ambalo binti wa Kibondo aliniambia baada ya kikao, nje, chini ya mwembe. Nilimuuliza swali ambalo mwalimu hana budi kuuliza: utafiti wako utamsaidia nani? Nilitegemea jibu la kawaida, kwamba mafundi watapata soko. Akasema, "Mwalimu, kwetu kuna fundi ambaye nikimtangaza, namharibia."

Sikuwa na la kusema mara moja.

Alikua Kibondo mjini wakati kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea Warundi, huku Nyarugusu ya Kasulu, iliyokuwapo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikifurika. Sisi wa umri wangu tulikuwa tumekwisha kuyaona hayo baada ya Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa. Pamoja na maturubai na sufuria ulikuja ujuzi. Wanawake wa Kivu Kusini walikuja na namna yao ya kushona libaya na kufunga kikwembe. Wanawake wa Burundi walikuja na imvutano, vazi la sherehe linaloning'inia begani kama maji yanayoteremka. Mabibi harusi wa Kibondo na Makere waliyaona, wakayatamani. Palipokuwa na soko la pamoja kati ya kambi na vijiji, fundi wa kambini alimpima mteja wa kijijini kwa mikono yake. Mwishoni mwa miaka ya 2010 masoko hayo yakafungwa. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke katika eneo alilopangiwa, kwa hiyo fundi akabaki ndani na mteja akabaki nje.

Picha haikubaki. Gauni lililoshonwa Nduta lilipigwa picha ya simu, likaingia katika stetasi za WhatsApp, likafika Kibondo mjini, likafika Kasulu, na fundi cherehani wa huko akalinakili kwa kulikuza kwenye kioo. Baadaye likawekwa kwenye ukurasa wa "mishono mipya" wenye wafuasi wengi, bila jina. Urejeshaji wa wakimbizi ulioanza 2017 umewarudisha wengi Burundi. Wapo mafundi waliokwisha kuvuka mpaka, na magauni yao bado yanashonwa kwetu kila Jumamosi ya harusi.

Sasa weka hapo kanuni ya kwanza ya shahada ya Milan au London: mfanye mbunifu ajulikane. Ukiliandika jina la fundi yule chini ya picha, umemtendea haki kama mbunifu, na papo hapo umeandika ushahidi kwamba anafanya biashara katika mazingira ambayo hakuruhusiwa. Ukiliacha, umeungana na walionakili. Vitabu vya fani hii vimeandikwa na watu ambao kwao kujulikana ni faida na kutojulikana ni hasara. Nduta hesabu hiyo inageuka. Binti huyu, bila kitabu chochote, alikuwa amekwisha kuliona tatizo ambalo maprofesa wa mitindo hawalioni kwa sababu hawajawahi kuwa na mbunifu aliyezungushiwa mpaka wa kambi.

Wala jambo hili haliishii kwenye mpaka wa kambi. Miaka michache iliyopita nilisafiri na shangazi yangu kutoka harusini. Alikuwa na kitenge kipya, amekifunga begani kwa mtindo wa imvutano, na kimempendeza. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani mtu ambaye hakujitambulisha alipanda basi, akapita abiria wote, akasimama mbele yake: "Mama, unatoka nchi gani?" Shangazi amezaliwa Kasulu kabla ya Uhuru. Alitoa kitambulisho chake taratibu, akarudishiwa bila neno la samahani. Njia nzima hakuzungumza. Kitenge alikikunja akakiweka kwenye mfuko wa nailoni, na sijamwona nacho tena. Wabunge wa Kigoma wameyasema bungeni, zaidi ya mara moja, maswali ya uraia yanayowaandama watu wetu. Ambalo halisemwi ni kwamba mara nyingi swali huanzia kwenye nguo.

Ni kweli sura ya Kigoma imebadilika kidogo. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo walipoungana katika wimbo Leka Dutigite, Kiha kilisikika redioni nchi nzima kikiwa na majivuno. Hata hivyo fungua gazeti leo utafute picha ya Kibondo. Utaona foleni ya mgawo, gunia, mtoto na ndoo. Watazame vizuri wanawake katika foleni hizo: nguo zao zimekatwa na kushonwa kwa ustadi, mikono imepandishwa, shingo imenakshiwa. Maelezo chini ya picha yanataja shirika lililotoa mahindi. Fundi hatajwi. Mtu hutazamwa na asionekane, na sisi wenye idara za habari ndio tunaowafundisha wanaopiga picha hizo.

Kama ningepewa mwaka mmoja na darasa la wanafunzi kumi na wawili, ningewapeleka Kasulu na Kibondo muhula mzima kabla hawajagusa kompyuta. Wasimame mnadani wauze nguo kwa sauti zao hadi jioni. Atakayerudi na robota zima ajue hajaelewa bado hadhira ni nini. Wakusanye majina ya vitambaa kwa Kiha, Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Wasome sheria: ya wakimbizi, ya hakimiliki, ya alama za biashara, na kanuni za maudhui ya mtandaoni. Katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kusajili jina la kikoi kuwa alama yake, ikalazimu watu wa Kenya wahangaike kupinga. Mwanafunzi wangu angeijua kesi hiyo kabla ya kujifunza kuhesabu wafuasi. Na kila mmoja angelazimika kuandika kazi moja ya utangazaji ambayo haitachapishwa, kwa sababu mwenye vazi hakuridhia, na angepewa alama kwa kuiandika na kuifungia sandukuni.

Namjua mwenzangu atakayeuliza ajira iko wapi. Iko katika kila fundi mwenye simu, kila kituo cha redio cha wilaya, kila halmashauri yenye ofisa habari. Maofisa hao hunisoma, nami nawaomba jambo dogo. Mtakapochapa kalenda ya mwakani yenye picha ya mwanamke aliyevaa kitenge kilichoshonwa vizuri, mwulizeni kwanza kama anataka jina lake liandikwe, kisha mwulizeni nani alimshonea, mkamwulize na huyo. Akisema hataki, msimlazimishe kueleza sababu.